Gitaa linapiga yowe kabla sijaligusa: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya hapa Mwanga, Kigoma. Tangu tuhamie kanisa jipya, mabati juu, saruji chini, kuta hazijapigwa hata lipu, gitaa langu limekuwa kero. Nikipandisha sauti kidogo tu linapiga yowe, wakati mwingine sijagusa hata uzi mmoja. Amplifaya ni ya transista, wati 60, spika moja ya inchi 12. Naiweka sakafuni kwenye kona, nyuma yangu. Natumia pia pedali ya distoshoni. Fundi mmoja kaniambia gitaa ni bovu, ninunue jingine. Wa pili kasema ni nyuzi. Mwalimu wa kwaya anasema nishushe sauti, lakini nikishusha sisikii ninachopiga. Kanisa la zamani shida hii haikuwepo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue gitaa. Sentensi yako ile ya kanisa la zamani imeshajibu nusu ya swali. Gitaa ni lile lile, amplifaya ni ile ile, nyuzi nadhani umeshabadilisha tangu hapo. Kilichobadilika ni nyumba, na gitaa haliugui kwa kuhama kanisa.

Yowe hilo ni mduara. Uzi unatikisika kidogo, hata kwa mguu wa mtu anayepita karibu. Pikapu inaudaka mtikisiko huo na kuugeuza kuwa umeme (pikapu ya gitaa, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, si ile ya kubebea mihogo). Amplifaya inaukuza, spika inautoa kama sauti, na sauti hiyo inasafiri hewani hadi kwenye uzi ule ule na kuutikisa tena. Ikirudi ikiwa dhaifu kuliko ilivyotoka, mduara unakufa wenyewe na hujui kama uliwahi kuwepo. Ikirudi na nguvu zaidi, kila mzunguko unaushinda uliotangulia, na kufumba na kufumbua watoto wa Sunday school wameziba masikio. Wanamuziki wa ng'ambo ya ziwa, wa Kalemie na Uvira, watakwambia hiyo ni larsen, kwa jina la Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmark. Huku kwetu tunasema fidibaki, au mluzi.

Uzuri wa mduara ni kwamba ukiukata popote, wote unaisha. Kazi ni kujua pa kukata, na hapo ndipo mafundi wako wawili waliporuka hatua. Walikuandikia dawa bila kukupima.

Basi tupime. Jumamosi kabla ya mazoezi, washa kila kitu kama kawaida, simama pale pale unaposimama Jumapili, pandisha sauti hadi yowe lianze. Usiliache liendelee, sekunde mbili tatu zinatosha, kwa faida ya masikio yako na ya spika. Sasa laza kiganja juu ya nyuzi zote sita, uzibane zisitikisike. Yowe limekufa? Basi mduara unapita kwenye nyuzi. Halijakufa, tena ni jembamba na kali kama filimbi ya refa? Mduara unapita kwenye pikapu yenyewe, na nyuzi hazina kosa. Kisha funga sauti ya gitaa kabisa, nobu ya kwenye gitaa lenyewe hadi sifuri. Kama kelele bado ipo, liache gitaa lako lipumzike: tatizo liko kwenye pedali, kwenye waya, kwenye amplifaya, au, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwenye maiki.

Hilo la maiki nalisema kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo niliitwa kwenye harusi moja Ng'ambo, hapa Tabora. Gitaa linapiga yowe, bibi harusi yuko njiani. Nilifungua gitaa, nikachomelea upya waya zote, nikabadilisha jeki (tundu la kuchomekea waya), nikarudisha, yowe pale pale. Nikafungua tena. Mpiga besi, mzee mmoja asiyesema sana, akainuka, akaenda kwenye maiki ya mwimbaji iliyosimama hatua moja mbele ya amplifaya, akaizima. Kimya. Akarudi kukaa. Maiki ile ilikuwa inadaka sauti ya gitaa na kuipeleka kwenye spika kubwa za ukumbi, nayo inarudi. Mji huu umetoa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, magitaa yamepigwa hapa tangu kabla sijazaliwa, na mimi nilishindwa kuangalia maiki. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachogusa nikiitwa ni swichi za maiki, moja baada ya nyingine. Nawe fanya hivyo. Kwenye kwaya maiki ni nyingi, na nusu yake zinabaki wazi wakati hakuna anayeimba.

Tuchukue kwamba umebana nyuzi na yowe limekufa. Kwa maelezo yako naweka dau huko. Sasa tuje kwenye kona yako.

Umesema amplifaya iko sakafuni, kwenye kona, nyuma yako, na ukishusha sauti husikii unachopiga. Hebu tazama hiyo spika inaelekea wapi. Inaelekea magotini mwako, na magoti hayana masikio. Spika ya inchi 12 inatupa sauti zake kali, zile zinazokufanya usikie noti imekatika wapi, mbele yake moja kwa moja kama tochi. Ukitoka kwenye mwanga wake unabaki na ngurumo tu. Kwa hiyo wewe uliyesimama juu ya tochi husikii, unapandisha. Watu wa safu ya tatu waliokaa, ambao masikio yao yako usawa wa mwanga, wanachomwa. Mwalimu anakwambia ushushe, unakasirika, na wote wawili mna haki.

Chukua kreti mbili za soda, zipange, weka amplifaya juu yake. Chini ya ukingo wa mbele weka kipande cha mbao ili uso wa spika uinuke uangalie kichwa chako. Hakikisha haiyumbi. Itoe kwenye kona, walau mita moja kutoka kila ukuta, maana kona huivimbisha besi, yaani sauti nzito: sakafu na kuta mbili zinairudisha kwa pamoja, na ngurumo hiyo ndiyo inayotikisa uzi mnene wa E. Halafu simama mbali nayo, mita 2 au 3, ukiwa umeipa mgongo. Mwili wako unakuwa ukuta kati ya spika na pikapu. Utashangaa kwamba sauti unayohitaji ili ujisikie ni ndogo kuliko ile uliyokuwa unapigania. Nimewafanyia wengi hivi, na wengi wao walikuja wakitaka kununua amplifaya kubwa zaidi.

Umbali una hesabu yake. Nje uwanjani, ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2, sauti inayokufikia kutoka kwenye spika inapungua kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndani ya jengo la mabati na saruji haipungui hivyo, kwa sababu kuta zinakurudishia kile ulichokikimbia. Ndiyo maana kanisa la zamani lilikuwa na huruma. Sikulijua, lakini nadhani lilikuwa dogo, lina mapazia, pengine dari la mbao au mikeka. Kitambaa kinakunywa sauti, hasa zile kali, na saruji tupu hainywi kitu. Mnaweza kuning'iniza mablanketi mazito au mapazia ukuta wa nyuma ya kwaya na ule wa mbali unaotazamana na spika. Yaache yakunjamane, yasinyooshwe kama shuka, na yakae mbali kidogo na ukuta. Hayatagusa besi, ila mwangwi mkali utapungua. Na kumbuka watu wenyewe ni vitambaa: kanisa lililojaa vitenge na makoti Jumapili linakunywa sauti kuliko kanisa tupu la Jumamosi. Gitaa likitulia Jumamosi, Jumapili litakuwa tulivu zaidi.

Isipokuwa mvua ikinyesha. Hilo wewe wa Kigoma unalijua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua inapiga bati, mhubiri hasikiki, fundi mitambo anapandisha kila kitu, mpiga kinanda anapandisha, nawe unapandisha. Mvua inapita ghafla kama ilivyokuja na hakuna anayeshusha. Ndipo yowe linapotoka katikati ya sala. Weka alama ya tepu nyeupe kwenye nobu zako, mahali pa siku ya kawaida, mvua ikikatika urudi hapo bila kukisia.

Kuna jambo la kusogea ambalo watu huliona kama uchawi. Mluzi mkali, tuseme wa hezi 3,000 (mitikisiko 3,000 kwa sekunde), una wimbi lenye urefu wa sentimita 11 hivi. Kwa hiyo kuligeuza gitaa kidogo, au kusogea upana wa kiganja, kunaweza kuuzima au kuuamsha. Uzi mnene wa E uko kwenye hezi 82, na wimbi lake lina mita 4 na ushee. Huyo hazimwi kwa kujitingisha, anataka uhame kabisa au umpunguzie besi. Ukiusikiliza mluzi wako ni wa aina gani, unajua kama utapiga hatua moja au utabeba amplifaya. Wapo wanaocheza na jambo hili kwa makusudi. Jimi Hendrix miaka ya 1960 alikuwa anasimama karibu na spika akilitafuta yowe kama mtu anayetafuta redio kwenye mawimbi, akilipata analipinda liwe muziki. Kwaya yako haijafika huko, na mwalimu wako hana mpango.

Pedali ya distoshoni. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Unapiga solo la kwaya, la kuchomoachomoa noti moja moja, lina asili ya rumba, sauti yake safi. Distoshoni ya nini? Kazi ya distoshoni ni kukuza kila kitu hadi kifike dari, kikubwa kwa kidogo. Noti uliyopiga inapanda, na mtikisiko mdogo wa uzi ambao hujaupiga unapanda vilevile. Ule mduara ulioukuta umelala unaamshwa. Kompresa, pedali ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, inafanya dhambi ile ile kwa upole zaidi. Kama huwezi kuiacha pedali, iwashe kwenye kipande chako cha solo tu, uizime ukimaliza, na nobu yake ya geni usiipitishe nusu. Kwenye amplifaya nako ziko nobu mbili ambazo watu wanazichanganya: geni ni kiasi cha kukuza mwanzoni, masta ni sauti inayotoka mwishoni. Wengi wanaweka geni juu na masta chini. Geuza. Geni chini hadi sauti iwe safi, kisha masta panda polepole. Sauti itafika kanisani ikiwa na nafasi zaidi kabla ya yowe.

Trebo na midi, nobu za sauti kali na za kati, zishughulikie kwa sikio: liache yowe lianze kwa mbali, punguza nobu moja tu, sikiliza, irudishe, jaribu nyingine. Ile inayolinyamazisha ukiigusa kidogo ndiyo yako. Usipunguze zote kwa hasira, utabaki na gitaa linalosikika kama limefunikwa debe.

Na mazoea ya mkono. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kijue njia ya kwenda kwenye nobu ya sauti ya gitaa chenyewe, bila macho. Hupigi, iko sifuri. Unageuka kuelekea amplifaya kurekebisha kitu, iko sifuri kwanza, kwa sababu ukigeuka mwili wako unaondoka katikati na pikapu inatazamana na spika uso kwa uso. Nyuzi ambazo hazimo kwenye noti unayopiga zibane kwa kiganja. Wapigaji wazuri wanafanya hivi bila kujua wanafanya.

Kama kanisa ni kubwa na bado hufiki nyuma, usilazimishe amplifaya yako ifanye kazi ya spika za kanisa. Weka maiki sentimita 5 hadi 10 mbele ya kitambaa cha spika yako, ipeleke kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), fundi mitambo akusambaze. Wewe jukwaani unabaki na sauti ya kujisikia tu. Amplifaya nyingine zina tundu la kutolea sauti kwenda mikisa. Soma vizuri maandishi ya nyuma, usije ukachomeka mikisa kwenye tundu la spika ukaiunguza.

Sasa upande wa pili: umebana nyuzi zote na filimbi bado inalia. Chukua ukucha, gonga kifuniko cha pikapu taratibu. Ukisikia ko-ko-ko kubwa kwenye spika kama unagonga maiki, au ukiinama ukasema neno karibu na pikapu ukasikia sauti yako ikitoka, pikapu imelegea ndani. Ile pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Mizunguko isipokamatwa vizuri inatikisika yenyewe mbele ya sumaku. Hapo huna tena pikapu, una maiki mbovu. Magitaa ya bei nafuu yana ugonjwa huu sana, na vifuniko vya bati vilivyolegea vinauzidisha.

Dawa yake ni nta, na sisi wa Tabora kwa nta hatuna wa kumuomba, na misitu yetu ya miombo na mizinga iliyojaa juu ya miti. Nachukua mafungu manne ya parafini, ile ya mishumaa ya kawaida, na fungu moja la nta safi ya nyuki ili isiwe kavu ikapasuka. Nayeyusha kwenye chombo kidogo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwenye jiko la umeme. Moto wa kuni au mkaa usiukaribishe, nta inashika moto, na nta iliyoshika moto haimwagiwi maji hata siku moja: funika kwa mfuniko. Kipimajoto kinakaa ndani muda wote. Kikifika nyuzijoto 65 nazima jiko, maana kuzidi 70 plastiki ya pikapu inaanza kupinda. Pikapu naining'iniza kwa waya wake isiguse chini. Ikizama tu, vijipovu vinaanza kupanda, vyembamba, mfululizo, kama chungu cha uji kinachokaribia kuchemka. Ni hewa iliyokuwa imejificha kati ya mizunguko, nta inaingia mahali pake. Dakika 10, 15, povu linapungua, halafu kimoja kimoja, halafu hakuna. Naitoa, napangusa, naiacha ipoe usiku kucha. Asubuhi nikigonga kifuniko nasikia tk ya mbali.

Kabla ya kufika kwenye nta lakini, jaribu sifongo. Kata kipande kizito kidogo, kiweke chini ya pikapu, kaza skurubu zake. Na kama gitaa lako lina springi za mkono wa kutetemesha, fungua kibao cha nyuma ujaze kitambaa kati ya springi. Zinalia na hakuna anayezishuku.

Amplifaya za taa, zile za zamani zenye vichupa vya kioo badala ya transista, zina ugonjwa wao: taa moja ikichoka nayo hugeuka maiki, unaigundua kwa kuigonga taratibu na penseli. Yako ni ya transista, tupite.

Mwisho, usichanganye yowe na mvumo. Ule mmmm usiobadilika noti, unaopungua ukigusa nyuzi, ni umeme wa ukutani, hezi 50, unaingia kwenye gitaa. Kuhama hatua mbili hakuuponyi, unatafutiwa dawa kwenye waya, jeki na ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini). Nalisema hili kwa sababu moja: kuna mafundi wanaotibu mvumo kwa kukata pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo unaisha kweli. Lakini nyuzi za gitaa lako zimeungwa kwenye ethi hiyo, na siku kukiwa na hitilafu, umeshika nyuzi na mdomo wako unagusa maiki, umeme unapita katikati yako. Les Harvey, mpiga gitaa wa Scotland, alifia jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maiki ambayo ethi yake haikuwa sawa. Kama amplifaya yako ina pini iliyokatwa, irudishe kabla ya kufanya lolote nililokuandikia hapo juu. Na kama mnatumia jenereta, fundi umeme akague ethi yake pia.

Anza na maiki, halafu kreti. Ukimaliza hayo na filimbi bado inalia huku nyuzi umezibana, nitumie pikapu. Pikapu tu, usipakie gitaa zima kwenye treni, shingo litapinda njiani. Ifunge kwa kitambaa, iwe mbali na simu na saa. Na kabla hujakata waya wowote, piga picha tatu za mahali waya zilipochomelewa, rangi zionekane.